Kupima Hatari ya Seva katika Nchi ya Korosho

Tangu msimu wa 2024/25 minada ya korosho huku kusini inaendeshwa kwa mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania, TMX. Zamani wanunuzi walileta bei zao katika barua zilizofungwa, zikatumbukizwa sandukuni, na sanduku likafunguliwa mbele ya wakulima wenyewe. Mkulima wa Kitangari au wa Chiungutwa aliliona sanduku na kufuli lake. Leo bei zinaingia kupitia mashine asiyoiona, iliyoko asikokujua, na akiuliza kama mashine hiyo haiwezi kuingiliwa, anauliza jambo la haki kabisa. Swali hilo limenirudisha kwenye miaka niliyofanya kazi ya TEHAMA kati ya Masasi na Newala, nikitunza seva za taasisi ndogondogo. Naona bado tunalijibu kwa njia mbili zisizofaa. Wapo wanaosema mfumo ni salama, kwisha. Wapo wengine ambao wakisoma kwamba programu fulani ya seva imekutwa na udhaifu wenye alama 9.8 kati ya 10, wanataka kila kitu kizimwe. Mimi nashikilia kwamba ukali wa udhaifu hupimwa na wataalamu wa dunia, lakini hatari yake mahali fulani haiwezi kupimwa na yeyote isipokuwa aliye karibu na seva yenyewe, na kazi hiyo ya pili ndiyo tunayoiacha bila mwenyewe.

Kwa msomaji asiye wa fani hii, mambo huenda hivi. Udhaifu ukigunduliwa hupewa namba katika orodha ya kimataifa ya CVE, kisha alama ya ukali kuanzia 0 hadi 10 kwa kipimo kiitwacho CVSS, kinachosimamiwa na jumuiya ya FIRST. Mwaka 2024 peke yake orodha hiyo ilipokea namba zaidi ya 40,000. Programu ya ukaguzi huigonga seva, ikasoma toleo la kila kilichomo, ikalinganisha na orodha, na mwisho ikatoa ripoti yenye mistari myekundu. Ripoti za namna hiyo zilifika wilayani, kurasa kwa kurasa, na mara nyingi zilimwangukia afisa mmoja ambaye ndiye pia aliyetengeneza printa, aliyevuta kebo na aliyeitwa projekta ilipokataa kuwaka. Mtu huyo akishapewa mistari myekundu mia tatu, ana mambo mawili ya kufanya: ama aanze wa kwanza mpaka achoke, ama aifungie ripoti kabatini. Kwa kuwa hakuna aliyemfundisha jambo la tatu, simlaumu.

Aprili 2014 ulikuwa mwezi wa mafunzo kwa kila aliyetunza seva. Tarehe 7 ilitangazwa Heartbleed, udhaifu ndani ya OpenSSL, programu ambayo seva za wavuti huitumia kuficha mawasiliano yasisomwe njiani. Aliyeujua aliweza kuilaghai seva imrudishie hadi kilobaiti 64 za kumbukumbu yake kwa kila ombi, na katika vipande hivyo zilitoka nywila, na hata funguo za siri za seva yenyewe. Mamlaka ya mapato ya Canada ilipoteza namba za utambulisho za watu wapatao 900 kabla haijawahi kufunga mlango. Pamoja na hayo, kipimo cha CVSS cha wakati huo kiliupa udhaifu huu alama 5.0, ukali wa kati. Hesabu haikuwa na kosa, kwani kwa kanuni zake mshambuliaji alisoma sehemu tu ya taarifa, hakubadilisha kitu wala hakuangusha seva. Kanuni haikuwa na mahali pa kuandika kwamba kilichosomwa huenda ni ufunguo unaofichua mawasiliano yote yaliyobaki.

Upande wa pili, seva nyingine hazikuguswa kabisa na Heartbleed, na sababu yake ni ukongwe. Udhaifu uliingia na toleo la 1.0.1 la Machi 2012, kwa hiyo mitambo iliyokuwa bado na 0.9.8 haikuwa nao. Simsifu aliyeacha kusasisha, maana mitambo hiyo ilibeba maradhi mengine mengi. Ninachosema ni kwamba hofu ya siku zile haikuwahusu wenye mitambo hiyo, na muda waliotumia kuhangaikia Heartbleed ungewafaa kwingine. Kisha viraka, yaani marekebisho ya udhaifu, vilipotoka, mambo yakazidi kuchanganya. CentOS 6.5 iliyokwisha rekebishwa iliendelea kujitambulisha kuwa na OpenSSL 1.0.1e, herufi ileile ya toleo bovu, kwa sababu wasimamizi wa mifumo kama CentOS na Debian hupachika kiraka ndani ya toleo walilonalo bila kulibadilisha jina. Mkaguzi asomaye jina tu aliendelea kuchora mstari mwekundu juu ya seva iliyokwisha pona. Hivyo mwezi mmoja ulituonyesha alama ya kati kwa janga kubwa, uzee uliookoa, na ripoti inayoituhumu seva isiyo na kosa, na katika yote matatu ukweli ulipatikana kwa mtu kuingia ndani ya seva akatazama.

Wenyeji wa uwanda wa Wamakonde wanalielewa hili bila kufundishwa kompyuta. Juu ya uwanda hakuna mito. Mchanga hunywa mvua yote, na kabla mabomba hayajafika, na hata sasa yanapokauka, kaya nyingi hutegemea tangi lililochimbwa uani la kukinga maji ya paa. Tangi likipata ufa, fundi hapimi upana wa ufa peke yake, anataka kujua uko wapi. Ufa wa kidole ulio juu ya usawa wa maji unaweza kungoja. Ufa mwembamba kama uzi kwenye kona ya sakafu utalimaliza tangi kabla kiangazi hakijafika katikati. CVSS hupima upana. Wenye kipimo hicho wanalikiri hilo waziwazi, kwani ndani yake wameweka sehemu maalumu ya mazingira, ambayo mwenye seva anatakiwa aijaze mwenyewe ili alama ishuke au ipande kulingana na hali yake. Sehemu hiyo ndiyo isiyojazwa. Anayesema kwamba kuipima upya alama ni kuwapinga wataalamu hajasoma wataalamu wenyewe wanavyoagiza.

Mwaka 2021 ulileta mifano miwili ndani ya miezi mitatu, yote ikiwa na jina la Apache. Oktoba ilitangazwa CVE-2021-41773 katika seva ya wavuti ya Apache: kwa kuiandika anwani kwa ujanja, mtu aliweza kutoka nje ya folda ya tovuti na kusoma mafaili mengine ya mashine. Wadukuzi walikuwa wameshaanza kuutumia. Lakini udhaifu huo ulikuwa katika toleo moja tu, 2.4.49, lililotolewa katikati ya Septemba. Ulifanya kazi pale tu ambapo kanuni ya kuzuia mafaili yaliyo nje ya folda ya tovuti ilikuwa imeondolewa, na ili mshambuliaji aendeshe amri zake ndani ya mashine ilibidi moduli ya CGI, inayoiruhusu seva kuendesha programu, nayo iwe imewashwa. Seva za CentOS 7 zilikuwa kwenye 2.4.6 na za Ubuntu 20.04 kwenye 2.4.41, hivyo hazikuhusika. Walioingia hatarini kwelikweli ni waliopakua toleo jipya wenyewe katika wiki zile, na hao hawakuwa na sababu ya kungoja hata usiku mmoja, maana kiraka cha kwanza, 2.4.50, hakikutosha, ikabidi litoke 2.4.51 siku chache baadaye.

Desemba ikaja Log4Shell, udhaifu ndani ya Log4j, alama 10 kamili, na mara hii alama ilistahili. Hata hapo jina la Apache liliwapotosha watu. Seva ya wavuti ya Apache imeandikwa kwa lugha ya C na haina Log4j ndani yake. Log4j ni maktaba ya Java ya kuandikia kumbukumbu za matukio, iliyo chini ya taasisi hiyohiyo ya Apache. Aliyezima tovuti iliyoandikwa kwa lugha ya PHP kwa kuogopa jina alijinyima huduma bure. Aliyejituliza kwamba seva yake ya mbele ni nginx naye alikuwa hatarini bila kujua, kwa sababu nginx hupokea ombi na kulipitisha kwa programu iliyo nyuma, na kama programu hiyo ni ya Java na inatumia Log4j, maneno ya mshambuliaji yanafika palepale. Kwetu hilo halikuwa jambo la mbali. DHIS2, mfumo unaokusanya takwimu za afya za vituo kote Tanzania, umeandikwa kwa Java, na kila aliyetunza mfumo wa Java wa aina yoyote alipaswa kuuliza siku ileile ni toleo gani la Log4j limo. Kisha lilikuja swali lililosahaulika: je, seva hii inaruhusiwa kutoka yenyewe kwenda popote kwenye intaneti? Shambulio la kawaida la Log4Shell lilitegemea seva iende ikachukue programu mbaya kwenye mashine ya mshambuliaji. Seva iliyozuiwa kutoka haikuwa salama moja kwa moja, lakini ilimpa mtunzaji wake muda wa kuweka kiraka kwa utulivu.

Wakati wote huo hoja iliyorudiwa zaidi na wakubwa wa kazi ilikuwa kwamba nani atahangaika na seva ya Newala. Nadhani wataalamu huipuuza hoja hii haraka mno. Ni kweli kwamba mdukuzi aliyekusudia, mwenye muda na fedha, ana sababu nyingi za kuanzia Dar es Salaam au Nairobi. Shida ni kwamba mashambulio mengi hayamkusudii mtu. Julai 2001 programu hasidi ya Code Red iliziendea seva za IIS za Microsoft kwa kubahatisha anwani tu, ikaambukiza mashine zaidi ya 350,000 ndani ya saa 14. Januari 2012 mdukuzi mmoja wa Indonesia aliharibu kurasa za tovuti zaidi ya 100 za serikali ya Kenya kwa mkupuo, na ni vigumu kuamini kwamba alikuwa na ugomvi na kila idara. Baada ya Log4Shell wengi walioingiliwa hawakuibiwa siri yoyote, mashine zao ziligeuzwa za kuchimba sarafu za kidijitali. Kwa taasisi ndogo maana yake ni seva nzito isiyofanya kazi yake, bando linalokwisha, na mgeni asiyejulikana anayekaa ndani miezi mingi akingoja kuona nini kingine kinauzika. Udogo unapunguza uwezekano wa kuchaguliwa, lakini hauzuii kupatikana.

Pingamizi zito zaidi linatoka ndani ya fani. Wanasema: acheni kupimapima, sasisheni kila kitu kila mara, na maswali yatakwisha. Mahali penye timu, seva ya majaribio na umeme wa kutegemewa nakubaliana nao bila kusita. Lakini huku sasisho hupakuliwa kwa bando linalohesabiwa, umeme unaweza kukatika katikati ya kazi, na mfumo mara nyingi umeandikwa na mkandarasi aliyekwisha ondoka, unaokubali toleo moja tu la PHP. Oktoba hadi Desemba, ghala zinapopokea mzigo na wakulima wanangoja malipo, kuuvunja mfumo kwa sasisho lisilojaribiwa ni kuwaumiza watu wale wale tunaosema tunawalinda. Na dunia imeona kwamba sasisho nalo linaweza kuua: tarehe 19 Julai 2024 sasisho moja lenye kasoro la CrowdStrike, kampuni ya ulinzi, liliangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5. Tusasishe, ndiyo, lakini kwa foleni, na anayeipanga foleni hiyo awe na sababu. Msaada upo, tena wa bure. Tangu Novemba 2021 shirika la Marekani la usalama wa mtandao, CISA, linachapisha orodha ya udhaifu uliothibitika kutumiwa na wadukuzi. Mwaka 2024, wakati CVE ikipokea namba zaidi ya 40,000, orodha hii iliongezewa chini ya 200. Haina kila kitu, lakini afisa mmoja wa wilaya anaweza kuifuatilia, na kinachoonekana humo ambacho pia kimo kwenye seva yake kinatangulia mengine yote.

Nililojifunza kwa nguvu zaidi katika miaka ile, hata hivyo, ni habari ya mianya isiyo na namba yoyote. XAMPP ni furushi la Apache, PHP na hifadhidata lililotengenezwa ili mwanafunzi au mwandishi wa programu ajaribie kazi yake kwenye kompyuta yake. Wenye kuitoa wanasema wenyewe kwamba haikuundwa kwa huduma ya kweli, na huja na hifadhidata ambayo mtumiaji wake mkuu hana nywila. Kwa kuwa ni rahisi kuisimika, mtu hujikuta ameigeuza seva ya ofisi, na siku anapoufungua ukurasa wa phpMyAdmin, wa kusimamia hifadhidata, ili aufikie akiwa nyumbani, amewafungulia wote. Hakuna CVE ya jambo hilo, kwani hakuna kosa la mtengenezaji. Hali ni hiyo pia kwa nakala ya akiba ya hifadhidata iliyoachwa ndani ya folda ya tovuti, nywila moja inayotumiwa na makarani wote, na akaunti ya mtumishi aliyehamishwa ambayo bado inafunguka. Ripoti inaweza kuwa ya kijani mwanzo hadi mwisho huku haya yote yakiwa wazi.

Na katika nchi ya korosho, mianya ya aina hiyo ina bei yake. Mwishoni mwa 2018 serikali iliponunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, kazi kubwa ilikuwa uhakiki: nani ni mkulima mwenye mikorosho, na nani ni wa kangomba, aliyekusanya korosho za wenzake kwa bei ya kutupa na sasa anataka kulipwa kama mkulima. Mtu wa kangomba hana haja ya kuijua OpenSSL. Anachohitaji ni mtu mwenye ruhusa halali ya kuongeza jina au kuongeza kilo, liwe daftari la karatasi au la kompyuta. Sasa wakulima wanasajiliwa kidijitali na ruzuku ya salfa na viuatilifu inafuata sajili hiyo, kwa hiyo jina lililoongezwa lina thamani hata kabla korosho haijadondoka. Ningekuwa napima leo mfumo wowote wa ushirika, kabla ya kugusa ripoti ya matoleo ningeuliza nani anaweza kubadilisha uzito baada ya stakabadhi ya ghala kutolewa, kama mfumo unamwandika kwa jina, na kama aliyebadilisha anaweza kuifuta kumbukumbu hiyo. Seva iliyosasishwa jana isiyoweza kujibu maswali hayo naiona hatari kuliko iliyochelewa mwezi mmoja lakini inayajibu.

Tunapozungumza usalama tunafikiria wizi, tunasahau kwamba huduma kutokuwepo nako ni madhara. Julai 2023 eCitizen ya Kenya, inayobeba huduma za serikali zaidi ya 5,000, ilizidiwa na mafuriko ya maombi, na kundi lililojiita Anonymous Sudan likajitangaza kuwa ndilo lililofanya. Waziri wa Kenya alisema hakuna data iliyopotea, lakini watu walikosa huduma. Oktoba mwaka huo Google ilieleza shambulio la maombi milioni 398 kwa sekunde lililotumia kasoro ya itifaki ya HTTP/2, inayotumiwa na karibu kila seva ya wavuti ya kisasa. Haya yanahitaji mpango wa jinsi kazi itakavyoendelea seva ikinyamaza, na kwa kusini mpango huo hauwahusu wadukuzi peke yao. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi, na siku chache baadaye nyaya za EASSy na Seacom zilikatika baharini, intaneti ikazorota nchi nzima. Ikiwa mfumo wa mzani na stakabadhi hauwezi kufanya kazi siku mbili bila mtandao, hiyo ni hatari iliyothibitika, yenye tarehe, na inastahili kukaa juu ya udhaifu mwingi wenye alama 9 ambao haujawahi kutumiwa na mtu.

Linabaki pingamizi ninaloliheshimu kuliko yote: kwamba lugha hii ya kupima hatari itakuwa kichaka cha wazembe, kila kiraka kisichowekwa kitaitwa hatari ndogo. Inatokea, nami nimeisikia ikitumiwa hivyo. Lakini tazama yaliyoikuta Equifax, kampuni ya Marekani ya taarifa za mikopo. Kiraka cha Apache Struts, programu ya kujengea mifumo ya wavuti ya Java, kilitoka Machi 2017, agizo la kukiweka likapelekwa ndani ya kampuni, na bado Mei wadukuzi waliingia kupitia Struts na kuondoka na taarifa za watu wapatao milioni 147. Agizo la kusasisha kila kitu lilikuwepo. Haikuwepo orodha kamili ya mahali Struts ilipokuwa imesimikwa, na ukaguzi wa kutafuta mashine hizo haukuiona iliyokuwa wazi. Uzembe haukomeshwi kwa kufuta tathmini, unakomeshwa kwa kuidai kwa maandishi. Kila mstari mwekundu unaoachwa uandikiwe kwa nini umeachwa: toleo halihusiki, moduli imezimwa, seva haifikiki kutoka nje, au tunangoja msimu uishe. Pawepo jina la aliyeamua na tarehe ya kuangalia tena. Asiyeweza kuandika sababu anapaswa kuweka kiraka leo.

Hapa Tanzania sheria zimeshatangulia. Sheria ya Serikali Mtandao ya 2019 inazihusu taasisi za umma, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamgusa kila anayeshika majina, namba za simu na akaunti za wakulima, chama cha msingi cha ushirika kikiwemo. Hakuna chama cha msingi kitakachomudu kuajiri mtaalamu wake, na sidhani inahitajika. Vyama vikuu na halmashauri za Masasi na Newala vinaweza kugharamia kwa pamoja watu wawili, ambao kazi yao isiwe printa wala projekta: wawe na orodha ya kila seva na kila programu iliyomo, wafuatilie orodha ya CISA kila wiki, wapitie akaunti za waliohama, na wajaribu kurejesha nakala za akiba badala ya kuamini tu kwamba zipo. Mwezi wa kuifanya kazi hiyo kwa ukamilifu ni Agosti, kabla ghala hazijaanza kupokea mzigo.